Kabla ya kumpeleka jirani kortini kwa ajili ya mpaka au njia

Nchini Kenya, kesi ya mpaka inaweza kuanguka kabla shahidi wa kwanza hajasimama. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mipaka ya ardhi iliyosajiliwa kabla Msajili wa Ardhi hajaiamua. Basi anza kwa msajili.

Kwanza soma jina lililo kwenye hati. Likiwa bado la marehemu baba, pata kwanza usimamizi wa mirathi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mali yake, la sivyo kesi itatupwa. Halafu chukua nakala ya ramani ya usajili, na kama shamba liligawanywa, fomu ya mgawanyo yenye vipimo.

Hapa ndipo wengi hukwama. Hati inasema hekta 0.40, umepima ukapata 0.37, basi unaamini jirani kakumega. Lakini mashamba mengi yana mipaka ya jumla, ile ya ua na miti, ambayo ramani huionyesha kwa kukadiria tu. Upungufu peke yake hauthibitishi kwamba jirani amevuka. Kinachobeba uzito ni ua wa zamani, vipimo vya mgawanyo na wazee walioona mpaka ukiwekwa. Usiing'oe alama yoyote, hata unayoamini imehamishwa. Ni kosa la jinai.

Siku msajili anapokuja kukagua mpaka, hakikisha kila anayepakana na shamba amepata notisi, na utunze ushahidi wake. Uamuzi uliotolewa bila upande mmoja kupewa nafasi ya kusikilizwa unaweza kubatilishwa. Surveya uliyemlipa mwenyewe atakusaidia kueleza hoja, ila ripoti yake haishiki nafasi ya uamuzi wa msajili. Wala usikawie: madai ya kurudishiwa ardhi hufa baada ya miaka 12.

Njia ya kupita kwenye shamba la jirani ina hesabu yake. Ikiwa imechorwa kwenye ramani, kazi ni kuionyesha upya ardhini. Isipochorwa, utahitaji makubaliano yaliyosajiliwa, au ushahidi kwamba imetumika miaka 20 kwa uwazi, kwa amani na bila kukatizwa. Shamba lililozingirwa pande zote lina mlango mwingine: Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu kuiomba mahakama amri ya kupita. Nenda na mchoro wa njia unayoiomba, upana wake, mimea itakayokatwa na fidia uliyo tayari kulipa. Njia fupi kuliko zote huenda ndiyo inayomuumiza jirani zaidi, kwa hiyo chora na ya pili.