Mswada wa Hakimiliki Ukitangazwa: Namna ya Kupeleka Maoni Kutoka Lamu

Habari ya sheria ya kuwabana wanaopakua na kugawa nyimbo bila ruhusa hufika Lamu kwa WhatsApp, imeshakatwa kichwa na miguu: "Ukikutwa na wimbo ambao hukununua, jela." Baada ya Isha, kwenye uwanja wa Mkunguni hakukaliki. Kijana anayewajazia watu nyimbo kwenye memori kadi anaona anaonewa. Mwimbaji wa kasida aliyeisikia sauti yake ikilia kwenye boti la abiria, na hajapata hata senti, anauliza sheria hiyo imechelewa wapi siku zote.

Wote wana haki ya kusema, lakini maneno ya barazani hayavuki maji. Kamati ya Bunge haipokei hasira. Inapokea namba ya kifungu na maneno mnayotaka yawekwe mahali pake.

Ni mswada au ni sheria tayari?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua mtaandika nini. Kama bado ni mswada, njia ni waraka wa maoni kwa kamati inayoushughulikia, kwa nguvu ya kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya. Kama ni sheria inayotumika, njia ni ombi chini ya kifungu cha 119, kwa kufuata sheria ya mwaka 2012 ya utaratibu wa maombi bungeni. Kosa linaloumiza ni kuzunguka wiki nzima mkikusanya sahihi za ombi, kumbe kamati ilikuwa imetoa siku chache tu za kupokea maoni na dirisha limefungwa.

Msitegemee PDF iliyozunguka kwenye simu. Rasimu ya wizara, mswada wenyewe na nakala ya mswada wa miaka iliyopita zinaweza kuwa na jina lilelile. Tazameni namba ya mswada na mwaka, kisha linganisheni na nakala iliyo kwenye tovuti ya Bunge. Sheria zilizokwisha kupita zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

Sheria ya msingi ni ile ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Marekebisho ya 2019 yaliingiza vifungu vya 35A hadi 35D, ambavyo ndivyo vinavyogusa intaneti hasa: mwenye kazi akipeleka notisi inayotakiwa, mtoa huduma wa intaneti ana saa 48 za kazi kuzuia kazi hiyo isifikiwe, isipokuwa apate notisi ya kupinga. Marekebisho ya 2022 yaligusa pesa za nyimbo anazosikia mtu akisubiri simu ipokelewe: mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu ipate asilimia 39.5, na kampuni ya katikati inayoipa kampuni ya simu nyimbo hizo ipate asilimia 8.5.

Anzeni kusoma kutoka nyuma

Mwishoni mwa kila mswada kuna maelezo ya madhumuni na sababu, ukurasa mmoja au miwili. Humo ndimo mwenye mswada anapoeleza kila kifungu kimekusudiwa kufanya nini. Yasomeni hayo kwanza, kisha rudini mwanzo mkiwa na kalamu. Kila penye agizo la kufuta, fungueni sheria ya zamani na msome kinachofutwa. Kifungu cha mswada chenyewe hakiandiki maneno yanayoondoka; kinasema tu kifungu fulani cha sheria kinafutwa, mstari mmoja, na hapo ndipo mambo mazito hujificha.

Mfano ni mswada wa marekebisho wa 2021. Ukitazamwa juu juu, ulikuwa mswada wa kuwaongezea wasanii mgawo wa pesa za simu, na nani angeupinga? Lakini ndani yake mlikuwa na pendekezo la kufuta vifungu vya 35B, 35C na 35D, yaani utaratibu wote wa notisi za kuondoa kazi mtandaoni. Waliousoma hadi ndani waliandika kupinga ufutaji huo, na sheria iliyotoka 2022 ikaviacha vifungu hivyo mahali pake huku mgawo wa pesa ukipita.

Jambo moja dogo linaharibu nyaraka nyingi. Kifungu cha mswada si kifungu cha sheria. Kifungu cha 4 cha mswada kinaweza kuwa ndicho kinachobadilisha kifungu cha 35B cha sheria. Ukiandika "tunapinga kifungu cha 4" bila kusema ni cha wapi, karani atafungua sheria ya 2001 na kukuta kifungu cha 4 kinazungumzia mambo mengine kabisa. Andikeni vyote viwili kila mara.

Jedwali la safu nne

Msiandike insha. Chukueni karatasi ya A4, ilazeni, mpige safu nne: kifungu, kilivyo sasa kwenye mswada, pendekezo letu, sababu. Mstari mmoja kwa kifungu kimoja. Waraka wa kurasa 3 au 4 husomwa. Wa kurasa 20 hufunguliwa mwanzo na mwisho tu. Juu ya jedwali wekeni aya moja: nyinyi ni nani, mko wapi, mnahusika vipi na nyimbo.

Tuseme mswada unataka mtoa huduma amkatie mtu intaneti baada ya notisi tatu. Waraka dhaifu utasema: "Kifungu hiki kinawaua vijana wa Lamu, kiondolewe." Wenye meno utakwenda hivi:

*Kifungu:* cha 6 cha mswada, kinachoingiza kifungu kipya baada ya 35D cha sheria.
*Kilivyo:* mtoa huduma atamkatia mteja huduma baada ya notisi tatu.
*Pendekezo:* badala ya "mtoa huduma atakata", iandikwe "mahakama inaweza kuamuru mtoa huduma akate, baada ya kumpa mteja nafasi ya kusikilizwa".
*Sababu:* laini moja hutumiwa na nyumba nzima, na katika nyumba za wageni hutumiwa na watu wanaokuja na kuondoka. Notisi inaonyesha laini, haionyeshi mkono ulioshika simu.

Hoja hiyo si ngeni duniani, na inafaa kuiongezea mstari. Ufaransa ilitunga sheria ya namna hii mwaka 2009. Baraza lake la Katiba lilikataa tarehe 10 Juni 2009 kwamba ofisi ya serikali pekee imkatie mtu intaneti, likataka uamuzi huo uwe wa hakimu. Adhabu yenyewe ya kukata ikafutwa Julai 2013. Mfano mmoja wenye tarehe unatosha. Mkirundika mitano, mtaonekana mmeokota maandishi ya watu.

Waimbaji nao waandike yao kwa mtindo huohuo. Haitoshi kusema "tunaibiwa". Semeni, kwa mfano, fomu ya notisi ipatikane kwa Kiswahili na ipokewe bila kulazimu wakili, kwa sababu bibi wa vugo, yaani nyimbo za wanawake za harusini, mwenye rekodi yake hana wakili, na akimtafuta wa kulipa, gharama itameza faida ya wimbo. Nyimbo za asili zisizo na mtunzi mmoja anayejulikana zitengeni. Hizo zina sheria yake, ya mwaka 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni. Kuziingiza humu ni kuwapa kamati sababu ya kuuweka waraka pembeni.

Na lugha? Kifungu cha 120 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, kwa hiyo andikeni Kiswahili bila wasiwasi. Ila mswada ukiwa kwa Kiingereza, nakilini maneno ya kifungu kama yalivyo kwenye safu ya pili, msiyatafsiri. Tafsiri ikipotoka kidogo, mtakuwa mnapinga kitu ambacho hakimo.

Ushahidi wa hapa

Kamati husikia kila siku kwamba vijana wanaumia. Haijasikia ni kwa kiasi gani. Kwa siku 7 mfululizo, vibanda viwili au vitatu viandike kwenye daftari: watu wangapi wamejaziwa nyimbo, kwa bei gani, nyimbo za nani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua macho, kwani inaonyesha kama ni wasanii wa pwani wanaokosa au ni wa ng'ambo. Andikeni pia bei ya bando na wimbo mmoja unakula kiasi gani. Hapo mnaweza kueleza kwa nini mtu anaona nafuu kulipia kadi nzima kibandani kuliko kusikiliza mtandaoni.

Daftari hilo lisiwe na majina ya wateja, wala ya vibanda. Karatasi inayotumwa Bungeni inaweza kusomwa na yeyote, na hapa mtakuwa mmeorodhesha watu wanaofanya jambo ambalo sheria tayari inalikataza.

Msichanganye makundi pia. Waimbaji na wenye vibanda huwa ni watoto wa nyumba moja, na kishawishi cha kutoa waraka mmoja wa "wana Lamu" ni kikubwa. Matokeo yake huwa uji: aya moja inataka adhabu kali, inayofuata inataka msamaha. Toeni nyaraka mbili. Penye makubaliano, kila mmoja aandike pendekezo hilo kwa maneno yaleyale; karani akiliona kutoka pande mbili zinazogombana, atalipigia mstari.

Mkilazimika kukusanya sahihi

Waraka wa maoni hauhitaji mamia ya sahihi. Ombi ndilo linalozihitaji kwa mpangilio wake: lielekezwe Bungeni, liwe na lugha ya heshima, lisiwe na maneno yaliyofutwafutwa wala kuchomekwa juu ya mstari. Kila ukurasa uwe na kichwa cha jambo lenyewe. Lieleze mlikwishalipeleka wapi na mkajibiwa nini, na kama lipo mahakamani au halipo. Mwishoni mseme wazi mnaomba nini. Kila mtu aandike jina, anwani, namba ya kitambulisho, kisha atie sahihi au kidole gumba palepale kwenye karatasi ya ombi. Sahihi zilizokatwa kwingine na kubandikwa hazikubaliwi.

Mistari 20 kwa ukurasa inatosha. Mkizidisha, namba za vitambulisho zinabanana hadi 3 inasomeka 8. Tumieni kalamu ya wino mzito wa kawaida, si ya jeli. Karatasi ikisafiri kwa boti hadi Faza au Kizingitini hupata unyevu hata bila wimbi kuingia, na wino wa jeli hutawanyika. Ziwe ndani ya faili la plastiki lenye kufungika, na mbeba faili asikae upande wa upepo. Kidole gumba kinahitaji kibweta cha wino na kitambaa, la sivyo ukurasa mzima unapakaa.

Mkikusanya Mkunguni na Langoni jioni tu, mtapata sahihi za wanaume tupu, na kamati itaona. Wanawake wengi wanaoimba harusini hawapatikani barazani. Atumwe mwanamke mwenzao, baada ya Alasiri, nyumba kwa nyumba, na asianze na karatasi. "Hodi, shangazi, shikamoo. Nimekuja na habari ya zile nyimbo zenu za vugo," kisha asome ombi lote kwa sauti ndipo atoe kalamu. Anayetia sahihi jambo asilolijua ataikana siku akiulizwa.

Msizipige picha kurasa hizo na kuzituma kwenye kundi ili kuonyesha kazi inaendelea. Jina, sahihi na namba ya kitambulisho kwa pamoja ni mali kwa tapeli.

Kuupeleka na kuufuata

Tangazo la kamati, gazetini na kwenye tovuti ya Bunge, hutaja anwani na saa ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni saa 11 jioni. Barua pepe ya Karani wa Bunge la Taifa ni cna@parliament.go.ke, lakini fuateni ile iliyo kwenye tangazo lenyewe, kwani Seneti ina karani wake. Kwenye kichwa cha barua pepe andikeni jina kamili la mswada na namba yake. Tumeni PDF moja, si picha kumi na mbili za simu, na tumeni asubuhi ya siku ya kabla ya mwisho. Siku ya mwisho ndiyo siku ambayo umeme wa Lamu huchagua kukatika. Ombeni kujibiwa kwamba umefika, na mhifadhi jibu hilo.

Siku hiyohiyo nakala iende kwa mbunge wenu na kwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Tarehe 18 Januari 2012, Wikipedia ya Kiingereza ilipofunga kurasa zake kwa saa 24 kupinga miswada miwili ya Marekani dhidi ya uharamia wa mtandaoni, iliwawezesha wasomaji walioko Marekani kupata mawasiliano ya wabunge wao. Siku mbili baadaye miswada hiyo ikaahirishwa. Kelele ilikuwa kubwa, ndiyo, ila ilikuwa na anwani.

Kwenye waraka ombeni pia nafasi ya kusikilizwa ana kwa ana au kwa video, na mtaje nani atazungumza. Mmoja tu. Mpeni dakika 5, afanye mazoezi kwa saa ya simu, aanze na kifungu kilicho kizito zaidi, kwani mwenyekiti anaweza kumkatiza wakati wowote.

Ripoti ya kamati ikiwekwa mezani, itafuteni kwenye tovuti ya Bunge na mwangalie orodha ya walioleta maoni. Mkikosa jina lenu, mwandikieni karani mara moja, mkitaja tarehe na saa ya lile jibu la kupokelewa, na mwambatishe waraka uleule bila kuugusa hata nukta. Mswada unaweza kuwa bado haujafika hatua ambapo wabunge wanapitia kifungu kimoja kimoja, na hapo mbunge wenu, ambaye nakala anayo, bado anaweza kusimama na kupendekeza mabadiliko kwa maneno yaliyo kwenye safu yenu ya tatu.