Nishati ya giza utaipimaje ukiwa na laptopu tu

Watu wakisikia nishati ya giza, ile inayofanya ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi, wanawaza madarubini, kumbe kazi yenyewe ni kuhesabu jozi za galaksi na data zipo bure. Anza na SDSS, mradi wa kuchora ramani ya galaksi, toleo la 12, katalogi za LOWZ (galaksi za karibu) na CMASS (za mbali zaidi). DESI, mradi mwenzake mpya wa kule Arizona, iache kwanza, mzigo wake bando litalia.

Umbali unatoka kwenye z, yaani mwanga wa galaksi umevutika kiasi gani. Mstari wa haidrojeni ambao maabara unakaa nanomita 656.3 ukiukuta kwenye 721.9 ujue mwanga umevutika asilimia 10, yaani z ni 0.1. Katalogi imeshakuwekea z, we ingiza tu kwenye Astropy, maktaba ya Python, H0 (kasi ya ulimwengu kutanuka) iwe 100, maada 0.3 na 0.7 iliyobaki ndo nishati ya giza, inakutolea umbali kwa megaparsek.

Sasa ndo pagumu. Pakua na faili la randomu, nukta za kubuni zilizotawanywa ovyo kwenye eneo lile lile la anga. Mimi mara ya kwanza niliona ni mapambo nikaliruka, nikapata grafu nzuuri kumbe nimepima umbo la ramani. Hesabu galaksi kwa galaksi DD, galaksi kwa randomu DR, randomu kwa randomu RR, zigawe kila moja kwa jumla ya jozi zake, halafu (DD − 2DR + RR) / RR, inakuambia galaksi zimekusanyika kiasi gani kuliko nukta za ovyo. Tumia Corrfunc, programu ya kuhesabu jozi haraka, ukiandika lupu mwenyewe kwenye Python utalala uamke bado inahesabu. Na zile safu za uzito kwenye katalogi usizidharau, faiba (nyuzi za kunasa mwanga wa galaksi) mbili haziwezi kukaribiana chini ya sekunde 62 za tao kwahiyo galaksi zilizobanana zingine zilikosa kupimwa.

Chora jibu hilo dhidi ya umbali kati ya galaksi. Kwenye megaparsek 100 na kitu utaona kinundu, alama ya mawimbi ya sauti ya ulimwengu ukiwa bado mchanga. Usishtuke kama ulitegemea 150, si uliweka H0 100 wakati halisi ni kama 70, gawa kwa 0.7 utafika, ni kama miaka ya nuru milioni 490. Hiyo ndo rula yako. LOWZ kinundu chake kina ukungu kidogo, vumilia.

Utamu uko hapa: rudia yote bila nishati ya giza, maada weka 1. CMASS kinundu kinashuka kwenye 80 hivi, LOWZ ya karibu kinabaki kama 87. Rula moja, urefu mbili, haiwezekani. Rudisha 0.3, vinakaa pamoja tena, yaani nishati ya giza inahitajika.