Kompyuta mpakato inakuwa nzito ukichomoa chaja: tafuta chanzo kabla ya kutumia pesa

Kompyuta inakwenda vizuri ikiwa kwenye chaja, ukichomoa tu inaanza kujikokota. Usikimbilie kununua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) wala kupiga Windows upya. RAM na diski ni zile zile, chaja iwepo isiwepo. Kilichobadilika ni umeme, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hupunguza kasi kulingana na umeme inaoruhusiwa kutumia. Inaniuma kuona mtu ameshalipia kifaa kisichohusika, wakati jibu lilikuwa kwenye namba anayoweza kuisoma mwenyewe.

Hatua ya 1: Soma kasi ya prosesa

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, usiiruke. Ukiwa kwenye chaja, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda "Performance", kisha "CPU". Chini ya grafu kuna "Speed", yaani kasi ya wakati huo, na "Base speed", kasi ya msingi. Ipe mashine kazi: cheza video huku ukifungua kurasa kadhaa za intaneti. Andika kasi unayoiona. Sasa chomoa chaja, rudia kazi ile ile, andika tena.

Tuseme kasi ya msingi ni gigahezi 2.4. Kwenye chaja ilipanda hadi 3.5, kwenye betri ikaishia 2.0: hapo mara nyingi ni mipangilio tu, endelea na hatua ya 2. Ikiwa imeganda kwenye 0.4 au 0.8 hata ukiipa kazi nzito, mashine imejibana yenyewe. Nenda moja kwa moja hatua ya 4. Kama namba hazitofautiani, prosesa haijabanwa, kwa hiyo angalia kwenye "Processes" ni programu gani inayokula nguvu. Kasi ndogo wakati mashine imekaa bila kazi si tatizo.

Hatua ya 2: Mipangilio ya Windows

Fanya haya chaja ikiwa imechomolewa, maana Windows 11 hutunza chaguo la betri na la chaja kila moja peke yake. Fungua "Settings", "System", kisha "Power & battery". Kwenye "Power mode" chagua "Balanced", au "Best performance" kama uko tayari chaji iishe mapema. Zima pia hali ya kuokoa chaji. Windows 10 kwa kawaida huiwasha yenyewe chaji ikifika asilimia 20.

Kisha ingia "Control Panel", "Power Options", mpaka kwenye mipangilio ya kina, utafute "Maximum processor state". Upande wa betri uwe 100. Hata 99 inatosha kuizuia prosesa nyingi kupanda juu ya kasi ya msingi. Baadhi ya mashine hazionyeshi sehemu hii; ukiikosa, endelea.

Hatua ya 3: Programu ya mtengenezaji

Kama kompyuta ilikuja na programu yake ya umeme na feni, hakikisha haiko kwenye hali ya kimya.

Hatua ya 4: Pima betri

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Utaonyeshwa faili la ripoti limehifadhiwa wapi. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili 22,000, betri imebakiza chini ya nusu. Betri iliyochoka volti zake huanguka kazi ikiwa nzito, na mashine inaweza kupunguza kasi ili isizimike ghafla. Dawa ni kuibadilisha. Ukiona kibodi au padi ya kugusa imeinuka, betri imevimba: zima, usiichaji tena, usiitoboe.

Betri ikiwa nzima lakini kasi bado imeganda, zima kompyuta, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha washa. Ikishindikana, sasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) kutoka tovuti ya mtengenezaji, chaja ikiwa imechomekwa muda wote.

Mashine za michezo na uhariri wa video

Hapa niseme wazi: kuna upungufu wa kasi ambao hakuna mpangilio utakaouondoa. Chaja ya mashine hizi inaweza kutoa wati 180 au zaidi, ilhali betri za kompyuta mpakato kwa kawaida hazizidi wati-saa 100, kiwango ambacho kanuni za usafiri wa ndege huruhusu bila kibali maalumu. Ukivuta wati 180 kutoka betri ya wati-saa 90, itakwisha ndani ya nusu saa, kwa hiyo mtengenezaji hubana prosesa na kadi ya michoro kwa makusudi. Kwa kazi hizo, chomeka chaja.

Kila ukibadilisha kitu kimoja, rudia kipimo cha hatua ya 1 kabla ya kugusa kingine. Ukilazimika kwenda kwa fundi, mpelekee zile kasi mbili pamoja na ripoti ya betri.