Kupunguza uzito wa Yamaha TY175: toa wapi, acha wapi

Trayali ni mchezo wa pikipiki usiotaka kasi. Unapanda mawe yenye utelezi, unakata kijito, na kila unapokanyaga chini unaandikiwa alama. Ukikwama kabisa ni 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Pikipiki unainyanyua, unaisukuma na kuizungusha kwa mikono mchana kutwa, na ikifika jioni kila kilo ya ziada unaijua kwa jina.

Pikipiki za trayali za sasa ziko chini ya kilo 70 au karibu na hapo. TY175 ya miaka ya 1970, ambayo huku Uingereza bado inachezwa sana kwenye makundi ya mashindano ya pikipiki za zamani, ni nzito kuliko hizo. Yangu nilipoipima ilikuwa kilo 86 na petroli kidogo ndani. Leo ni 79.

Hatua ya 1: Pima kabla hujashika spana

Mizani ya bafuni inatosha. Gurudumu la mbele liwe juu ya mizani, la nyuma juu ya ubao wenye kimo kilekile, na mtu aishike pikipiki wima bila kuiegemea. Andika namba. Geuza, pima la nyuma, kisha jumlisha. Zile namba mbili usizifute, maana ndizo zilizokuja kunionyesha nilipokosea. Vifaa vidogo pima kwa mizani ya jikoni, ila mwombe kwanza mwenye jiko.

Hatua ya 2: Toa kisicho na kazi

Taa, honi, spidomita na mabano yote yaliyovishikilia. Kama njia ya mashindano inapita barabara ya umma, soma kwanza sheria ya hapo ulipo. Hii kazi ya jioni moja tu, na haina gharama.

Kwenye tangi la oili ndipo pa kutulia. TY175 ina tangi dogo la oili na pampu inayoilisha injini yenyewe. Ukiling'oa unapata nafasi na uzito unapungua, lakini ziba vitu viwili: tundu la pampu kwenye injini, kwa kibamba cha alumini na gasketi, na kile kitundu ambacho oili ilikuwa ikiingilia. Ukikiacha wazi, injini itavuta hewa kwa pembeni, mchanganyiko utakosa petroli ya kutosha, na pistoni itapata moto hadi inate.

Kuanzia siku hiyo unachanganya mwenyewe: mililita 20 za oili ya tu-stroki (injini kama hii, inayochoma oili pamoja na petroli) kwa kila lita 1 ya petroli. Galoni la mchanganyiko liandike kwa maandishi makubwa. Mimi nilijiamini, sikuandika. Nikamimina petroli tupu, pistoni ikanata kwenye mwinuko wa pili, na zile kilo nilizozipunguza nikazisukuma kwa miguu hadi kwenye gari, pamoja na zote nilizozibakisha.

Halafu usijaze tangi. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu za kilo, tena inakaa juu kabisa.

Hatua ya 3: Angalia unatoa upande gani

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mwanzoni nilishambulia nyuma, kwa kuwa ndiko kwenye vitu vingi: kiti kinene, madigadi ya chuma, mkia wa fremu, sailensa. Mizani ikafurahi. Nilipopanda, gurudumu la mbele likagoma kunyanyuka. Nilikuwa nimepunguza uzito wa nyuma tu, kwa hiyo mbele kukawa kuzito kuliko zamani ukilinganisha na nyuma. Namba mbili za hatua ya kwanza zilikuwa zikiniambia hivyo muda wote.

Kwa hiyo kila ukitoa nyuma, tafuta cha kutoa mbele: usukani wa chuma uwe wa alumini, madigadi ya mbele iwe ya plastiki. Kilichoko juu kina faida kubwa kuliko kilichoko chini, na kinachozunguka kina faida kuliko kilichotulia. Rimu za alumini ni ghali, lakini kama zako ni za chuma, fedha yako ya kwanza iende huko. Sproketi ya nyuma ya alumini nayo ni nyepesi, ila inalika haraka. Ukipita kwenye tope, kila ukiosha pikipiki ikague meno.

Kishika tairi kilichofungwa kwenye rimu usikitoe hata kama kinakukera. Tairi za trayali tunazijaza upepo wa psi 5 hivi. Bila hicho kishikio tairi litazunguka peke yake ndani ya rimu na kung'oa mdomo wa tyubu.

Hatua ya 4: Ekzosi

Bomba la tu-stroki lililozeeka limejaa masizi ya oili. Kabla ya kununua jipya, litoe, ziba upande mmoja, mimina maji yenye kostiki soda, liache usiku kucha nje ya nyumba, kisha suuza sana. Vaa glavu na miwani. Hii ni kwa bomba la chuma tu. Kostiki soda inaila alumini na kutoa gesi inayoshika moto.

Hatua ya 5: Bolti

Bolti yoyote inayochomoza kupita nati, ikate kwa msumeno ubakize nyuzi mbili, kisha piga tupa. Za alumini ziishie kwenye madigadi na makava. Ekseli, breki, vikanyagio na vishikio vya usukani viache na chuma chake, na usitoboe matundu huko kwa ajili ya gramu. Nimeona kikanyagio kilichotobolewa kikikatika mtu akiwa amesimama juu yake.

Hatua ya 6: Flaiwili iache

Flaiwili ni gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Waliotoka kwenye motokrosi, yaani mbio za kasi za pikipiki, hukimbilia kuichonga ili iwe nyepesi. Kwenye trayali injini inazunguka polepole sana, na uzito wa flaiwili ndio unaoizuia isizimike juu ya jiwe. Kuna hata wanaoongeza.

Hatua ya 7: Springi

Pikipiki ikishakuwa nyepesi, springi za zamani zinakuwa ngumu kwake. Itaruka-ruka juu ya mawe badala ya kuyashika. Simama kwenye vikanyagio ukiwa umevaa buti na helmeti, mtu apime shokapu zimezama kiasi gani. Mimi huanzia theluthi moja ya mwendo wake wote. Zikizama kidogo kuliko hapo, legeza springi. Zikifika mwisho wa kulegezwa na bado ni ngumu, nunua springi laini zaidi. Kisha rudi kwenye mizani ya bafuni na ule ubao wako, upime mbele na nyuma upya.