Ukitaka Kupanda Miti ya Kiasili Mombasa, Anza na Mbegu

Masika yakikaribia, miche hugawanywa Kisauni, Likoni na Changamwe, na mara nyingi utakayopewa ni mwarobaini, mvinje au ashoka. Ina kazi zake, wala sisemi ing'olewe yote, lakini hakuna hata mmoja wa asili ya Pwani hii. Mwarobaini umezoeleka hadi mtu akiambiwa umetoka Bara Hindi hukataa katakata. Ndege na popo hula matunda yake na kupeleka mbegu hadi ndani ya misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambako huota na kuibana miti ya pale. Kwa hiyo ukiona miche yake imejiotea kwenye kichaka cha kiasili, ing'oe ingali midogo.

Anayetaka kurudisha mkwaju, mbambakofi, mvule au mbuyu shambani mwake ana kazi ya kufanya kabla ya kushika jembe. Ajue mbegu zinatoka wapi. Wakusanyaji wazoefu huchuma kwenye miti mama mingi, angalau 15, na ikipatikana 30 ni bora zaidi, kila mmoja mita 50 au zaidi kutoka kwa mwenzake, ili miche isije ikawa ya tumbo moja. Kisiwani Mombasa hesabu hiyo haitimii. Mkwaju uliobaki peke yake nyuma ya nyumba utakupa ukwaju wa kutosha jikoni, lakini mbegu zake zikitokana na chavua yake wenyewe huenda zikazaa miche dhaifu. Changanya na mbegu za Kwale na Kilifi. Kituo cha KEFRI, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, kilichoko Gede, Kilifi, kinashughulika na miti ya ukanda huu. Kaulize huko kabla ya kununua mbegu zisizojulikana zilikotoka.

Ndani ya kaya usichume kitu kwa kujiamulia. Kaya zilianza kutangazwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 baadhi yake ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini miiko ya Wamijikenda ilizilinda zamani kabla ya sheria hizo. Ukihitaji mbegu za mti usiopatikana kwingine, nenda kwa wazee wa kaya kwanza, na wakikataa, imekwisha.

Kila mbegu ina tabia yake. Mkwaju ndio rahisi kuliko yote: loweka usiku kucha, atika asubuhi. Mbuyu una ganda gumu. Chemsha maji, yaepue, tia mbegu na uziache humo hadi kesho yake, au zikwaruze kwa msasa. Mche wa mbuyu huponza wengi, kwa sababu majani yake ya kwanza ni jani moja moja, hayajagawanyika kama vidole vya mkono jinsi ya mti mkubwa. Mibuyu mingi michanga hufa kwa jembe la palizi, mwenye shamba akidhani ni gugu. Uwekee kijiti pembeni.

Mbambakofi, ambao mbao zake mafundi wa Pwani wamezitumia tangu zamani kwa milango na majahazi, una mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu. Toa hiyo kofia, kausha mbegu, zifiche panya. Huota bila taabu, ila mzizi wake hushuka haraka sana, na kifuko kifupi huukunja. Chupa ya plastiki ya lita mbili iliyokatwa juu na kutobolewa chini inafaa kuliko pakiti ya maziwa. Uhamishe mche mapema.

Mvule una jike na dume kwenye miti tofauti. Jike lisilo na dume jirani halina mbegu za maana. Okota matunda yaliyoiva, yafikiche ndani ya maji, atika mara moja, kwani mbegu zake hazikai. Kisha kuna mdudu mdogo anayeleta vivimbe kwenye majani machanga na kuua ncha ya mche. Kupanda mvule mtupu shamba zima ni kumwandalia karamu. Uchanganye na miti mingine, penye kivuli chepesi. Kwa maoni yangu anayeanza asianze na mvule.

Weka daftari. Andika mti mama uko wapi, ulitoa maua mwezi gani, mbegu ziliiva lini, na ngapi ziliota. Chukua tawi lenye maua au matunda, libane katikati ya magazeti hadi likauke, kwa sababu jina la mtaani pekee halitoshi kumwonyesha mtaalamu ni mti gani. Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yana hifadhi kubwa ya vielelezo vya mimea ambavyo tawi lako laweza kulinganishwa navyo.

Wenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama upande wa Nyali na Bamburi, wasikate tamaa. Kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi, upanzi ulioanza 1971 ulitanguliza mvinje, ambao hustahimili jiwe na chumvi. Majani yake yakaoza yakawa udongo, na miti ya kiasili ikafuata. Hapo mgeni alisaidia. Shambani, vunja jiwe kwa mtaimbo, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, na upande mvua ikishalowesha ardhi vizuri. Mbuyu na mkuyu ziwe mbali na nyumba na shimo la choo.

Tandaza majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa, na uzungushie miiba, maana mbuzi hutangulia kuonja. Kaskazi ya kwanza na ya pili ndizo huua miche mingi. Mwagilia maji mengi mara chache, yashuke chini, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Pengo litakalotokea lizibe kwenye vuli kwa mche uliobaki kitaluni wa mbegu zile zile, na uandike daftarini.