Sakafu ya kizimba cha kinyonga: fikiria kinachodondoka, si miguu yake

Kinyonga wangu anaitwa Zumaridi. Ni jike wa aina ya Yemen, wale wenye kilemba kirefu cha mfupa kichwani, na ametotolewa kwa mfugaji hapahapa Ujerumani. Anaishi sebuleni kwangu Bremen, kwenye kizimba cha wavu chenye kimo cha sentimita 120. Wageni hutazama matawi na taa. Mimi kila asubuhi hutazama chini kwanza.

Wanaoniuliza watandike nini huko chini huwa wanawaza starehe: atajisikiaje akikanyaga hapo? Mnyama huyu hahitaji swali hilo. Kinyonga wa Yemen, wa pembe tatu wa milima ya Kenya na yule wa rangi nyingi wa Madagaska wote ni wakazi wa matawini. Vidole vyao vimegawanyika mafungu mawili, vinashika kijiti kama koleo, na kwenye tambarare mwendo huwa wa taabu. Kinyonga mzima akishuka na kubaki chini ana sababu: anatafuta pa kutagia, joto limemzidi, ana hofu na anatafuta njia ya kutoka, au anaumwa. Kwa hiyo chagua sakafu kwa kufikiria vitu vitakavyoifikia: maji, kinyesi, wadudu waliomponyoka na, kwa jike, mayai.

Hatari kubwa inaanzia kwenye ulimi. Mwaka 2016 watafiti wa Ubelgiji na Ufaransa walipima ute wa ncha ya ulimi wa kinyonga, wakakuta ni mzito mara 400 hivi kuliko mate ya binadamu. Ute huo ndio unaomnasa mdudu, na ndio utakaonasa kila kitu kilicho chini ya mdudu huyo. Nyenje akisimama juu ya vipande vya magome, kinyonga atameza nyenje na gome pamoja. Kipande hakisagiki tumboni. Akiwa na upungufu wa maji mwilini, ambalo ni jambo la kawaida kwenye nyumba zenye kipasha joto wakati wa baridi, utumbo unaweza kuziba, na kuziba huko huua.

Ndiyo maana nakataa bila kusita magome yaliyokatwakatwa, kokoto ndogo, maganda ya jozi yaliyosagwa, mchanga mkavu mtupu na vipande vya makumbi ya nazi, hata kama mfuko una picha ya kinyonga anayependeza. Maranda ya mierezi na misonobari yana tatizo jingine: mafuta yake yenye harufu huwasha mapafu. Zulia linalouzwa kwa ajili ya mijusi nalo silitaki. Kucha hunasa kwenye nyuzi, kinyesi kinajificha humo, na kulisafisha vizuri ni kazi kubwa. Udongo wa maua wa dukani usome lebo kwanza. Mwingi una mbolea na zile punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo, na kinyonga wa Yemen ana tabia ya kutafuna majani na mara nyingine hata kula udongo wenyewe.

Kwa anayeanza, jibu langu ni sakafu tupu. Chukua kipande cha plastiki ngumu kilichokatwa kwa kipimo cha chini ya kizimba, kitoboe matundu madogo katikati na kwenye pembe, kisha inua kizimba juu ya trei ya kupokea maji. Kinyonga hunywa matone yaliyo kwenye majani, kwa hiyo utanyunyizia kila siku, na maji hayo lazima yapate pa kwenda. Yakituama na kinyesi kikalowana ndani yake, bakteria na kuvu huzaliana, na wewe unayeishi nyumba ya kupanga yenye sakafu ya mbao utakuwa na kesi ya pili. Juu ya plastiki tandika karatasi za jikoni zisizo na maandishi wala manukato, ubadilishe kila siku. Gazeti la kawaida pia linafaa.

Karatasi nyeupe ina faida ambayo naithamini kuliko zote: unaona kinyesi. Sehemu ya kahawia iwe imeshikana. Sehemu nyeupe ndiyo mkojo wake; ikiwa nyeupe au na manjano kidogo nchani, anakunywa vya kutosha. Ikiwa ya rangi ya chungwa yote, na kavu, ongeza muda wa kunyunyizia leo hiyohiyo, na hali ikiendelea mpeleke kwa daktari. Ukikuta nyenje mzima ametoka bila kusagwa, chunguza joto la taa. Siku kadhaa bila kinyesi chochote kwa kinyonga mdogo anayekula vizuri ni habari ya kuchukulia kwa uzito. Haya yote yangepotea ndani ya udongo. Kwa sababu hiyo kinyonga mchanga, tangu anapotoka kwenye yai mpaka miezi sita hivi, mimi simpi kitu kingine zaidi ya karatasi.

Karatasi ina dosari moja. Nyenje hujificha chini yake na usiku hupanda matawini kumng'ata kinyonga aliyelala. Tundika kikombe cha kulishia kwenye tawi, chenye kuta laini ndani ili wadudu wasipande. Wakibaki, watoe jioni. Kikombe hicho pia kinamwondolea sababu ya kupiga ulimi chini.

Sasa jike. Hapa naomba usome polepole. Jike wa Yemen hutaga hata kama hajawahi kuona dume, na anaweza kuanza akiwa na miezi mitano au sita tu. Mayai yakikomaa na asipopata pa kuchimba, huyazuia mwilini, na kuzuia huko ni moja ya sababu kubwa za vifo vya majike wanaofugwa. Kwa hiyo hata mwenye sakafu tupu anahitaji ndoo ya kutagia. Tafuta beseni au ndoo yenye upana na kina cha angalau sentimita 30, iweke kwenye kona tulivu ya kizimba, na uegemeze tawi la kumwezesha kupanda na kushuka. Jaza sentimita 20 hadi 25 za mchanganyiko wa nusu mchanga uliooshwa, ule wa watoto kuchezea, na nusu udongo usio na mbolea. Lowesha kidogokidogo huku ukichanganya. Ukifinyanga kiganjani ushikamane bila kuchuruzika maji. Ukitoboa kwa kidole, tundu lisimame bila kubomoka. Mchanganyiko mkavu utamwangukia akiwa ndani ya handaki lake. Majira ya baridi naweka kipande cha povu gumu chini ya ndoo ili isipoe.

Ataanza kuhangaika, kushuka na kukwaruza udongo, na huenda akapunguza kula. Funika pande tatu za kizimba kwa shuka na umwache. Jike akikuona unamtazama anaweza kuliacha shimo na kuanza upya, na nguvu zake si za kuchezewa. Kuchimba kunaweza kuchukua siku nzima na kuvuka usiku. Akimaliza hulifukia mwenyewe na kulikanyagia, na unaweza kukuta mayai 20 au zaidi ya 60. Mpe maji mengi, na wadudu waliopakwa unga wa kalsiamu. Lakini akichimba bila kutaga, kisha akakaa chini mchana amefumba macho, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua watambaazi.

Kinyonga akishakua na wewe ukazizoea tabia zake, unaweza kuweka sakafu hai. Chini kabisa weka sentimita tano za vijipira vya udongo wa kuchoma ili maji yapite, juu yake wavu laini wa dirishani, kisha sentimita 10 hadi 15 za udongo usio na mbolea, na mwisho majani makavu ya mwaloni yaliyotandazwa hadi udongo usionekane. Majani yachukuliwe mbali na barabara na mashamba yenye dawa, uyachemshe na kuyakausha. Ndani yake weka wale vidudu weupe wadogo wanaoruka na wale wa kijivu wanaokaa chini ya mawe yenye unyevu; hao hula kinyesi na kuvu. Mimi huipa sakafu hii wiki nne hivi bila kinyonga ili ikolee. Sehemu ya juu iwahi kukauka kati ya kunyunyizia na kunyunyizia; ikinuka uozo, maji yamezidi.

Wapo wanaoishi karibu na ardhi, na kwao ushauri hubadilika. Kwetu Lushoto, ukiingia msitu wa Usambara, kuna kinyonga mdogo wa kahawia mwenye mkia mfupi na kijindevu kidevuni, anayefanana kabisa na jani lililonyauka. Huyo hutembea juu ya majani yaliyoanguka na kutaga kwenye udongo, kwa hiyo akifugwa anahitaji udongo wenye unyevu na majani tangu siku ya kwanza. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na ndugu zangu wa nyumbani nawasihi wasimtoe msituni kumweka ndani ya boksi. Nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, mwenye hati.

Wa pembe tatu hatagi, huzaa. Ndoo ya mchanga haimhusu, lakini watoto wake, ambao huweza kuwa 10 hadi 30, hudondoka chini wakizaliwa. Tumbo likishakuwa kubwa, rudi kwenye karatasi, ondoa kila chombo chenye maji, ziba mianya ya mlango, na hakikisha trei haina maji yaliyotuama, kwa sababu mtoto wa ukubwa ule huzama kwenye kina kidogo sana.