Sumu ikiingia mferejini, usikimbilie jembe

Maji ya mfereji yakigeuka meupe kama tui, yakanuka dawa, na kambale wakaanza kuelea matumbo juu, wakulima wengi hufungulia maji mengi ili "yasafishe". Ndugu mkulima, hapo sumu haijaondoka. Umemshushia jirani wa chini.

Anza na chanzo. Dumu likipasuka au ghala likivuja, pigeni tuta la udongo au pangeni viroba vya mchanga kabla dawa haijafika majini. Iliyomwagika chini ifunikwe kwa majivu, mchanga au pumba za mbao iishie humo, kisha ikusanywe kwa koleo na kutiwa kwenye chombo kisichovuja. Msiishike kwa mikono mitupu, na msiisukume kwa maji. Fungeni mlango wa mfereji. Tumeni mtu wa bodaboda kijiji cha chini saa hiyohiyo, ng'ombe wasinyweshwe, watoto wasioge. Samaki waliokufa hawaliwi wala hawauzwi, hata wakikaushwa. Maji hayo msiyachemshe mkadhani yamepona: moto na vidonge vya kutibu maji huua vijidudu, haviondoi viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magugu shambani.

Sasa tope, maana ndiko shida inakojificha. Dawa za zamani kama DDT haziyeyuki vizuri majini. Hung'ang'ania tope na mafuta ya samaki. Juu maji yanaonekana maangavu, chini sumu imelala. Ukitia jembe unaiamsha. Na tunajuana: tope la mfereji tunalitupa kingoni, baada ya wiki mbili mchicha umeota juu yake. Tope lenye sumu lipimwe kwanza na wataalamu, litolewe maji yakiwa yamekatwa, lisafirishwe bila kudondoka njiani hadi kwenye sehemu iliyoruhusiwa kupokea taka hatarishi.

Kibaha, mkoani Pwani, tuna mfano wetu. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge lilipokea viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, tani 170 hivi, vingine vimeshapitwa na muda. Viliwekwa kwenye banda la wazi, na baadaye banda likaanguka. Hata baada ya eneo kusafishwa, watafiti walikuta udongoni DDT na HCH, dawa nyingine ya zamani ya kuua wadudu, nyingi mno. Mzigo uliondoka, kilichozama ardhini kilibaki. Huniuma sana kila nikiona madumu yamerundikwa nyuma ya ghala bila paa.

Kwa hiyo bomba la kupulizia lisioshwe mtoni hata siku moja. Suuza kopo mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi ndani ya bomba na kupuliziwa shambani, kisha kopo litobolewe. Zile mita 60 za sheria kutoka ukingo wa mto ziachieni nyasi.

Taarifa ipelekwe kwa afisa ugani na mtendaji wa kijiji, nao waifikishe Bodi ya Maji ya Bonde, NEMC (wasimamizi wa mazingira) na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu). Mpaka majibu ya vipimo yatoke, mlango wa mfereji usifunguliwe, hata kama ni wiki ya kupandikiza mpunga.